Include inagoma baada ya kupandisha tovuti kwenye hostingi, menyu haionekani. Msaada wakuu

#1 vipuri_mtaani

Wakuu, habari za jioni.

Nina tovuti ya duka la vipuri vya pikipiki, PHP tupu, hakuna fremuweki yoyote. Kwenye laptopu (Windows, na XAMPP kama seva ya majaribio) ilikuwa inatembea bila shida, kurasa zote zikiwa folda moja. Kabla ya kuipandisha nikaona nipange vizuri, kurasa za bidhaa nikazitenga kwenye folda yake. Sasa iko hivi:

```
/home/duka/public_html/
    index.php
    css/style.css
    inc/header.php
    inc/menyu.php
    inc/footer.php
    inc/config.inc
    bidhaa/index.php
    bidhaa/tairi.php
```

Kwa `include` (amri ya kuingiza faili moja ndani ya jingine), kwenye `index.php` naanza na `include 'inc/header.php';` na kwenye kurasa za bidhaa `include '../inc/header.php';`. Ndani ya header.php, mstari wa 9, ndipo ninapoita menyu:

```
include 'inc/Menyu.php';
```

Nikifungua tovuti napata hiki:

```
Warning: include(inc/Menyu.php): Failed to open stream: No such file or directory
in /home/duka/public_html/inc/header.php on line 9
```

Nembo inakuja, menyu hakuna, halafu ukurasa uliobaki unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Faili nimeliangalia kwenye cPanel (paneli ya hostingi), lipo. Mwenye duka ananipigia simu, nimebaki kumwambia "mtandao".

#2 Mpita_Njia

Nimevuta kiti. Ngoja wajuzi waje.

#3 mama_terminali

Mkuu, soma hilo onyo herufi kwa herufi. Faili lako linaitwa `menyu.php`, wewe umeita `Menyu.php`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, ndiyo maana XAMPP ilikuwa inakuchekea. Hostingi yako ni Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti, moja lipo na lingine halipo.

Majina yote yaandike kwa herufi ndogo, usichanganye, na hutaona tatizo hili tena.

Lingine: hayo maonyo yanaonekana na kila mteja anayeingia, pamoja na njia nzima ya folda zako. Kwenye tovuti iliyo hewani `display_errors` iwe Off na `log_errors` iwe On, makosa uyasome kwenye logi wewe mwenyewe.

#4 vipuri_mtaani

Dada ubarikiwe, ukurasa wa mwanzo umepona. Lakini kurasa za bidhaa bado, onyo lilelile, sasa linasema `inc/menyu.php` haipo.

Nikajaribu kwenye header.php kuweka `'../inc/menyu.php'`. Kurasa za bidhaa zikapona, ukurasa wa mwanzo ukafa. Nikirudisha, huku kunapona na kule kunakufa. Nikivuta huku kunafunuka kule.

#5 mkwaju_nyuma

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo niandike kwa kirefu kidogo.

Unapoandika `include '../inc/menyu.php'` ndani ya header.php, akili yako inaanza kuhesabu kutoka mahali header.php ilipo. PHP haihesabu hivyo. Njia inayoanza na nukta (`./` au `../`) inahesabiwa kutoka kwenye folda ambayo mchakato unafanyia kazi wakati huo, na kwenye tovuti ya kawaida hiyo ni folda ya faili lililoombwa na mgeni. Mgeni akifungua `/bidhaa/tairi.php`, PHP imesimama ndani ya `bidhaa`. Akifungua `/index.php`, imesimama ndani ya `public_html`. header.php ni ileile, mstari wa 9 ni uleule, ila mahali pa kuanzia pamehama. Ukipanda ngazi moja kutoka `bidhaa` unafika `public_html`, sawa. Ukipanda ngazi moja kutoka `public_html` unafika `/home/duka`, ambako hakuna `inc`.

Na njia isiyoanza na nukta wala mkwaju (`/`), kama `'inc/menyu.php'`, ina mambo yake: PHP inaanza kuitafuta kwenye folda zilizoorodheshwa kwenye `include_path` (mpangilio wa PHP), kisha kwenye folda ya faili lenye mstari wa include, kisha kwenye folda ya kazi. Ndiyo maana mara nyingine njia "mbovu" inafanya kazi kwa bahati. Ukiandika `include 'menyu.php'` ndani ya header.php ingefanya kazi kwako leo, maana ziko folda moja. Siku ukiwa na `menyu.php` nyingine ndani ya `bidhaa`, ingeokotwa hiyo kwanza, kwa sababu `include_path` kwa kawaida ina nukta, yaani folda ya kazi. Utatafuta kosa mpaka asubuhi.

Dawa ni kuacha kubahatisha. PHP ina `__DIR__`, inakupa njia kamili ya folda ya faili ambamo neno hilo limeandikwa, si ya faili lililoombwa:

```
// inc/header.php
include __DIR__ . '/menyu.php';

// index.php
include __DIR__ . '/inc/header.php';

// bidhaa/tairi.php
include __DIR__ . '/../inc/header.php';
```

Angalia huo mkwaju mwanzoni mwa `'/menyu.php'`. `__DIR__` haiishii na mkwaju, kwa hiyo ukiusahau utaita `/home/duka/public_html/incmenyu.php`, na onyo litakuja na jina la ajabu hilo. Ukiona maneno mawili yamegandana kwenye onyo, ujue ni mkwaju.

`__DIR__` ipo tangu PHP 5.3 ya mwaka 2009. Ukikuta msimbo wa zamani umeandikwa `dirname(__FILE__)`, ni kitu kilekile.

#6 KodiNaChai

Mimi huwa natumia `$_SERVER['DOCUMENT_ROOT'] . '/inc/header.php'` kila mahali na sijawahi kupata shida. Ni fupi, huhesabu vinukta. Haya mambo ya `__DIR__ . '/../../'` ni ya kujitesa.

#7 mkwaju_nyuma

KodiNaChai, inafanya kazi mpaka siku isipofanya. Kwenye XAMPP yake tovuti ilikuwa wapi? Bila shaka `htdocs/duka`. Hapo `DOCUMENT_ROOT` ni `C:/xampp/htdocs`, kwa hiyo utaita `htdocs/inc/header.php` ambayo haipo. Kwenye hostingi inakubali. Sasa una misimbo miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa hewani.

Pili, kroni, yaani kazi ambazo seva inaziendesha yenyewe kwa ratiba. Duka kama hili siku moja litataka ripoti ya mauzo itumwe kila usiku. Kazi ya kroni haipitii Apache (programu inayojibu maombi ya wavuti), inaendeshwa na `php` ya mstari wa amri, na huko hakuna `DOCUMENT_ROOT` yoyote ya kukusaidia. Njia yako inabaki `/inc/header.php`, yaani mzizi wa diski nzima. Hata zile `../` zinakufa huko, kwa sababu php ya mstari wa amri haihami kwenda kwenye folda ya faili lako, inabaki pale ilipoitiwa, na kroni kwa kawaida huita kutoka `/home/duka`. `__DIR__` haijali nani kaita wala kutoka wapi.

#8 KodiNaChai

Hiyo ya kroni nakubali. Ya vinukta bado naona inachosha macho.

#9 mama_terminali

Basi weka faili moja pale juu, tuliite `anza.php`, ndani yake `define('MZIZI', __DIR__);`. Kila ukurasa unaita hilo faili mara moja, halafu kwingine kote ni `MZIZI . '/inc/header.php'`. Vinukta vinabaki mahali pamoja tu.

#10 vipuri_mtaani

Nimeweka `__DIR__` kila mahali, menyu sasa inakuja pande zote. Asanteni sana aisee.

Ila kurasa za bidhaa zimekuja uchi, hakuna CSS (rangi na mpangilio wa ukurasa). Kwenye header nina `<link rel="stylesheet" href="css/style.css">`. Nikaweka `__DIR__` na kwenyewe, ikawa mbaya zaidi.

#11 mkwaju_nyuma

Hahaha, hapana mkuu, usiweke `__DIR__` kwenye HTML. Hapo kuna wasomaji wawili tofauti wa njia, na hawajuani.

`include` inasomwa na PHP, kwenye seva, na PHP inaona diski: `/home/duka/public_html/...`. `href` na `src` zinasomwa na brauza, kwenye simu ya mteja, na brauza haijui lolote kuhusu diski yako. Yenyewe inaona anwani tu. Ukimpelekea mteja `href="/home/duka/public_html/inc/css/style.css"`, brauza itaomba `https://tovutiyako/home/duka/...` na itapata 404, yaani "haipo".

Halafu brauza haijui kama kipande hiki kilitoka header.php. Inapokea ukurasa mmoja uliokwisha kuungwa. Mteja akiwa kwenye `/bidhaa/tairi.php`, `css/style.css` kwake ni `/bidhaa/css/style.css`. Andika `href="/css/style.css"`, na viungo vya menyu vivyo hivyo: `/bidhaa/`, si `bidhaa/`.

Mkwaju wa mwanzo una maana mbili hapa. Kwenye `href` ni mzizi wa tovuti. Kwenye `include` ni mzizi wa diski ya seva nzima. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya include yanayoletwa humu hutayauliza.

#12 Mpita_Njia

Kumbe. Mimi rafiki yangu alinifundisha niweke anwani nzima kwenye include, `include 'https://tovutiyangu/inc/header.php'`, eti ndiyo inamaliza ubishi wa njia. Sijaijaribu bado.

#13 seva_ya_uani

Usiijaribu.

Kwanza itakataa. Hiyo inahitaji `allow_url_include`, ambayo kwa kawaida imezimwa tangu ilipoanzishwa kwenye PHP 5.2, na tangu 7.4 imetangazwa kuwa ni kitu cha kuachana nacho. Utaona onyo la `https:// wrapper is disabled in the server configuration`.

Pili, hata ikikubali, fikiria kinachotokea. Seva yako inajipigia simu yenyewe kupitia mtandao, inaomba header.php kama mgeni wa kawaida, PHP ya upande wa pili inaiendesha na kurudisha HTML tu. Fankisheni ulizoandika ndani yake hazifiki. Vigeu havifiki. `$kichwa_cha_ukurasa` uliyoipanga kabla ya include haionekani kule, maana ni ombi jingine kabisa. Na kila ukurasa mmoja wa mteja sasa unakula maombi mawili matatu ya seva. Kwenye hostingi ya pamoja yenye michakato michache ya PHP, kurasa zinaweza kungojana zenyewe kwa zenyewe mpaka muda uishe.

Tatu, kile kinachorudi kutoka huko kinaendeshwa kama PHP kwenye seva yako. Mwenye anwani hiyo akibadilika, au domeini ikiisha muda akainunua mwingine, huyo sasa anaandika msimbo ndani ya tovuti yako.

#14 Mpita_Njia

Rafiki yangu huyo nitaongea naye.

#15 dawati_la_usiku

Naomba niulize hapo hapo. Tofauti ya `include`, `require` na zile zenye `_once` ni ipi hasa? Mimi naandika `require_once` kila mahali, niko salama?

#16 mama_terminali

`include` ikikosa faili inatoa onyo na kuendelea, kama alivyoona mleta uzi: menyu haipo, ukurasa upo. `require` ikikosa inasimama hapo hapo. Kwa hiyo jiulize, faili hili lisipokuwepo, ukurasa una maana? Faili la kuunganisha kanzidata au la kukagua kama mtu ameingia kwa nenosiri, weka `require`. Sitaki kabisa ukurasa wa msimamizi uendelee kwa sababu faili la ulinzi halikupatikana. Tangazo la pembeni, `include` inatosha.

`_once` maana yake ni "kama limeshaitwa kwenye ombi hili, usirudie". Inafaa kwa mafaili ya fankisheni, maana ukiliita mara mbili PHP inagoma na `Cannot redeclare`. Lakini kuiweka kila mahali si salama hata kidogo. Angalia hii:

```
foreach ($bidhaa as $b) {
    include_once __DIR__ . '/inc/kadi.php';
}
```

Una tairi, betri na cheni 40 kwenye kanzidata, ukurasa unaonyesha kadi moja tu. Hakuna onyo, hakuna kosa kwenye logi. `_once` imefanya ulichoiambia. Kiolezo cha kurudiwa kinataka `include` ya kawaida.

Nyingine mbaya zaidi ni ya mipangilio. Faili la PHP linaweza kurudisha kitu:

```
// config.php
return [
    'db_jina' => 'duka',
    'db_mtumiaji' => 'duka_web',
];
```

`$c = require 'config.php';` inakupa hiyo orodha. Ukitumia `require_once` mara ya kwanza unapata orodha, mara ya pili kwenye faili jingine unapata `true`. Halafu unaanza kuuliza kwa nini `$c['db_jina']` haina kitu.

#17 dawati_la_usiku

Hiyo ya `true` imenikuta wiki nzima hii. Nilidhani kanzidata ndiyo mbovu.

#18 seva_ya_uani

Mleta uzi, kuna kitu kwenye orodha yako ya kwanza kimenikaa kooni tangu nilipokiona. `inc/config.inc`. Hebu fungua kwenye brauza `tovutiyako/inc/config.inc` uje utuambie unaona nini. Usibandike humu.

#19 vipuri_mtaani

Mungu wangu. Naona kila kitu. Jina la kanzidata, nenosiri, vyote.

#20 seva_ya_uani

Ndiyo. Apache inapeleka kwa PHP yale mafaili yaliyopangiwa PHP tu, kwa kawaida `.php`. `.inc` kwake ni maandishi ya kawaida, inamkabidhi yeyote anayeomba. Ilikuwa desturi ya miaka ya nyuma kuita vipande vya kuingizwa `.inc`, na mafunzo mengi ya zamani bado yanaiga.

Fanya hivi kwa mpangilio huu. Badilisha nenosiri la kanzidata sasa hivi kabla ya lingine lolote, maana hujui nani ameshalisoma. Kisha liite `config.php`. Kisha litoe kabisa ndani ya `public_html`, lipeleke `/home/duka/siri/config.php`. PHP inaweza kusoma nje ya `public_html`, brauza haiwezi kuomba chochote nje ya hapo. Kutoka `inc/header.php` utaliita hivi:

```
$c = require dirname(__DIR__, 2) . '/siri/config.php';
```

`dirname` yenye 2 inapanda ngazi mbili: kutoka `inc` kwenda `public_html`, kisha `/home/duka`. Inahitaji PHP 7 kwenda juu, kwa hostingi ya leo utakuwa nayo.

Na folda ya `inc` yenyewe ukipata nafasi itoe nje vilevile. Hakuna mteja anayepaswa kufungua `menyu.php` peke yake.

#21 KodiNaChai

Kwa nini msimshauri awe na `index.php` moja tu? Kurasa zote zinapita hapo, `index.php?page=tairi`, na ndani yake mistari mitatu:

```
include 'inc/header.php';
include $_GET['page'] . '.php';
include 'inc/footer.php';
```

Header na footer zinaandikwa mara moja, njia zote zinaanzia sehemu moja. Mimi ndivyo ninavyowajengea wateja.

#22 seva_ya_uani

KodiNaChai, wazo la mlango mmoja ni zuri, fremuweki kubwa zote zinafanya hivyo. Ila huo mstari wako wa pili, kama uko kwenye tovuti za wateja, washa laptopu hapo ulipo uurekebishe.

Umemruhusu mgeni achague faili gani seva iendeshe. Akiandika `?page=../kitu` anatoka nje ya folda yako na kutembea kwenye diski. Utasema nimeongeza `.php` mwishoni, hawezi kusoma kitu kingine. Sawa, basi ataandika hivi:

```
?page=php://filter/convert.base64-encode/resource=../siri/config
```

PHP ina vichujio vyake vya ndani, na hicho kinasoma faili, kinaligeuza kuwa base64 (usimbaji wa herufi za kawaida) na kulimwaga kwenye ukurasa bila kuliendesha. `.php` yako imemsaidia kukamilisha jina. Anachukua yale maandishi, anayageuza, ana nenosiri la kanzidata. `allow_url_include` kuwa Off haizuii hiyo, maana si faili la mtandaoni.

Na usipoongeza `.php` ni balaa jingine, kwa sababu `include` haiangalii mwisho wa jina. Haiulizi kama ni picha. Ikiona `<?php` popote ndani ya faili inaendesha. Duka likiruhusu wateja kupakia picha za pikipiki zao, mtu anapakia `.jpg` yenye mstari wa PHP ndani, halafu anaomba `?page=picha/yake.jpg`. Wengine hawahitaji hata kupakia: wanaomba ukurasa wa uongo wenye msimbo ndani ya jina la brauza yao, Apache inauandika kwenye logi, kisha wanaita logi ile kupitia include.

Haya ni mambo ya zamani sana. Enzi za PHP 4, `register_globals` ilikuwa inageuza kila kilichoandikwa kwenye anwani kuwa kigeu, kwa hiyo hata `include $njia . '/kazi.php'` bila `$_GET` yoyote ilikuwa mlango wazi, mtu anajiwekea `?njia=http://...` na seva inaendesha msimbo wake. Ilizimwa kwa kawaida kwenye 4.2 mwaka 2002, ikaondolewa kabisa 5.4 mwaka 2012. Lugha ikaziba upande wake. Mstari wako unaufungua upya kwa mkono.

Orodha ndiyo jibu:

```
$kurasa = [
    'mwanzo' => 'mwanzo.php',
    'tairi'  => 'bidhaa/tairi.php',
    'betri'  => 'bidhaa/betri.php',
];

$ombi = $_GET['page'] ?? 'mwanzo';

if (!is_string($ombi) || !isset($kurasa[$ombi])) {
    http_response_code(404);
    $faili = 'haipo.php';
} else {
    $faili = $kurasa[$ombi];
}

require __DIR__ . '/kurasa/' . $faili;
```

Alichoandika mgeni kinatumika kutafuta kwenye orodha tu. Jina la faili linatoka kwako daima. Usihangaike kufuta `../` kwa `str_replace`: ataandika `....//`, ukifuta `../` ya katikati inabaki `../` nyingine.

#23 KodiNaChai

Lakini hizi ni tovuti ndogo, za saluni na maduka. Nani atajisumbua?

#24 mama_terminali

Hakuna mtu. Ni programu. Fungua logi ya seva yoyote iliyo hewani utaona maombi ya `../../../../etc/passwd` (faili la watumiaji wa Linux) kutoka anwani usizozijua, hayachagui saluni wala benki. Yakipata mlango, wiki ijayo tovuti ya saluni inatuma barua taka na hostingi inafunga akaunti. Halafu simu inaita kwako.

#25 KodiNaChai

Nimeelewa. Ngoja nikawaguse wateja kimya kimya.

#26 mzee_wa_shtml

Vijana mnaongea PHP tu. Kama kurasa ni HTML isiyo na kanzidata, unataka menyu moja tu ijirudie kila ukurasa, PHP haikulazimu. Apache ina moduli yake, `mod_include`. Unaandika ndani ya ukurasa:

```
<!--#include virtual="/inc/menyu.html" -->
```

na faili linaitwa `.shtml`. Ni teknolojia ya miaka ya mwanzo ya wavuti, zama zilezile ambazo Rasmus Lerdorf alikuwa akitoa PHP yake ya kwanza, 1995. Zingatia `virtual` na `file`. `virtual` inahesabu kwa anwani ya tovuti, ule ubishi wenu wa mkwaju haupo. `file` inahesabu kutoka folda ya ukurasa na haikubali `../` wala mkwaju wa mwanzo. Na ukiiwasha, tumia `IncludesNOEXEC`, la sivyo ile amri ya `exec` nayo inafanya kazi, na hutaki hiyo.

Tuliotoka kwenye ASP ya zamani, ile ya Microsoft, tunakumbuka kitu kimoja: kule `#include` ilikuwa inatekelezwa kabla ya msimbo kuanza kuendeshwa. Hukuweza kuweka kigeu kwenye jina la faili hata ukitaka. JSP, watu wa Java, wao walitenganisha: `<%@ include %>` inaunganisha wakati ukurasa unatafsiriwa, `<jsp:include>` inaita wakati wa ombi. PHP inaunganisha wakati wa kuendesha, ndiyo maana unaweza kuiweka ndani ya `if`, na ndiyo maana huyo kijana wa saluni aliweza kufanya alichofanya.

#27 KodiNaChai

Shikamoo mzee. Nimekoma.

#28 mzee_wa_shtml

Marahaba.

#29 vipuri_mtaani

Wakuu, nimehamisha config, nimebadilisha nenosiri, `inc` nimeitoa nje. Kila kitu sawa isipokuwa ukurasa wa msimamizi kuingia:

```
Warning: Cannot modify header information - headers already sent by
(output started at /home/duka/siri/config.php:1)
```

Config yangu haichapishi chochote, ni `return` tu.

#30 mkwaju_nyuma

Tazama hiyo `:1` mwishoni. Kuna kitu kimetoka kwenye mstari wa kwanza, kabla ya `<?php`. Kama hakuna nafasi inayoonekana, basi ni BOM: baiti tatu ambazo baadhi ya vihariri vya Windows vinaziweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Huzioni, PHP inazipeleka kwa brauza kama maandishi, na maandishi yakishatoka huwezi tena kutuma kuki wala kumhamisha mtu kwa `header('Location: ...')`. Fungua faili kwa kihariri kinachokuonyesha usimbaji, hifadhi upya kama UTF-8 isiyo na BOM.

Ingekuwa namba ya mstari wa mwisho, mshukiwa ni mistari mitupu baada ya `?>`. Kwenye faili la PHP tupu usiifunge kabisa hiyo `?>`. PHP haihitaji.

#31 vipuri_mtaani

Ilikuwa BOM. Nimeingia.

Mwenye duka sasa anataka tovuti iwe na Kiswahili na Kiingereza. Nafikiria folda ya `lugha`, ndani yake `sw.php` na `en.php`, kila moja inarudisha orodha ya maneno, halafu nachagua kwa `$_GET['lugha']`.

#32 seva_ya_uani

Muundo mzuri. Ila hiyo `$_GET['lugha']` isiguse jina la faili. Orodha yenye mbili tu, `sw` na `en`, kingine chochote kinaangukia `sw`. Na tumia `require` bila `_once`, umesoma #16.